Staa Akisifia Sarafu, Nani Anamlinda Mtu wa Digodigo?

Machi 2011, barabara ya vumbi inayotoka Mto wa Mbu, ikapita Engaruka na kando ya Ziwa Natron hadi tarafa ya Sale wilayani Ngorongoro, ilijaa magari kuliko ilivyowahi kujaa tangu ichongwe. Kulikuwa na mabasi, malori ya mizigo yaliyogeuzwa ya abiria, Land Cruiser za serikali na magari binafsi yaliyobeba wagonjwa waliolazwa juu ya magodoro. Foleni ilifika kilomita 26. Helikopta nazo zilikuja, zikiwashusha wenye uwezo. Wote walikuwa wakielekea kijiji cha Samunge, jirani na Digodigo, kwa Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, aliyekuwa akitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500. Nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo.

Mzee huyo hakulipia tangazo redioni wala hakubandika bango mjini. Kilichoibeba habari yake kutoka bonde la Wabatemi, wenyeji wa huko, hadi Dar es Salaam, Nairobi na kwingineko ni majina ya watu. Mawaziri walikwenda, wabunge wakaenda, viongozi wa dini wakamsemea vizuri, na picha zao wakiwa na kikombe cha plastiki mkononi zikapamba kurasa za mbele za magazeti. Mtu aliyekuwa na mashaka nyumbani kwake Singida au Kahama alijiuliza: kama waziri amekunywa, mimi ni nani hata nikatae?

Kufikia mwisho wa mwezi ule, zaidi ya watu 50 walikuwa wameripotiwa kufa wakisubiri zamu yao. Madaktari walilazimika kuwasihi watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wasiache dawa zao kwa sababu ya kikombe. Wataalamu wa serikali walichukua sampuli na kusema dawa ile haina madhara kwa kipimo kilichokuwa kikitolewa. Kwamba inaponya, hilo halikuthibitishwa kamwe. Lakini taarifa ya maabara ilikuja ikiwa karatasi, na picha ya waziri ilikuwa imekwisha kufika kila mahali.

Naitaja Samunge kwa heshima. Mwasapile alifariki Julai 2021, na wapo wengi hadi leo wanaomkumbuka kwa upendo. Waliompigia debe walifanya hivyo kwa imani au kwa shida za miili yao wenyewe. Ila mambo yaliyotokea kwenye bonde lile yanatufundisha jambo moja linalohitajika sana sasa: jina kubwa hutembea haraka kuliko mdhibiti. Na leo majina makubwa yanapigia debe kitu kingine, safari hii kwa malipo. Kitu hicho ni sarafu za mtandaoni.

Sarafu hizi hazihitaji barabara ili zifike Digodigo. Zinaingia kwa simu, kupitia Instagram, TikTok na magrupu ya WhatsApp na Telegram. Kijana aliyemaliza sekondari, mwenye mbuzi wachache na pengine mgao wake wa fedha za kikundi cha kuweka na kukopa, anaona video ya mtu anayemfahamu kwa sura na sauti tangu utotoni akimwambia kwamba wenye akili wamekwisha kuingia, yeye bado anasubiri nini? Hahitaji akaunti ya benki. Anatafuta muuzaji mtandaoni, anamtumia fedha kwa M-Pesa au Airtel Money, naye anatumiwa sarafu kwenye pochi ya kidijitali. Kwa macho ya kampuni ya simu, huo ni muamala wa kawaida wa mtu kumtumia mwenzake hela. Fedha ikipotea, hakuna risiti inayosema ilikuwa ya nini.

Ni vyema tueleze jinsi mtu anavyoumia, maana wengi hudhani lazima awepo mwizi aliyevunja mlango. Kundi la watu wasiojulikana linaweza kuunda sarafu mpya ndani ya siku moja kwa gharama ndogo. Wanajigawia sehemu kubwa ya sarafu hizo wao wenyewe, kisha wanatafuta sura maarufu. Wanaweza kumlipa staa fedha taslimu, au wakampa sehemu ya sarafu zenyewe. Akizisifia, maelfu wananunua kwa mkupuo na bei inapanda. Bei ile inayoonekana kwenye skrini ni ya muamala wa mwisho tu, wala haina maana kwamba kila mwenye sarafu anaweza kuuza kwa kiasi hicho. Waliojigawia mwanzoni wanauza polepole kwa wanaoingia. Siku wanunuzi wanapokauka bei inaanguka, na aliyenunua mwisho anabaki na namba kwenye simu. Hakuna aliyevunja mlango, na fedha imehama kutoka kwa wengi wadogo kwenda kwa wachache waliowahi.

Kesi iliyoiamsha dunia ni ya Kim Kardashian. Juni 2021 aliweka tangazo la sarafu iitwayo EthereumMax kwenye Instagram, ambako wafuasi wake walikuwa zaidi ya milioni 200. Alilipwa dola 250,000. Septemba mwaka huo, Charles Randell, aliyekuwa mwenyekiti wa mamlaka ya usimamizi wa fedha ya Uingereza, alisema hadharani kwamba huenda hilo ndilo tangazo la fedha lililowafikia watu wengi zaidi katika historia. Sarafu yenyewe ilikuwa imeundwa muda mfupi tu kabla, na watu wasiojulikana. Thamani yake ikaporomoka. Oktoba 2022, SEC, tume inayosimamia masoko ya dhamana Marekani, ilimalizana naye kwa malipo ya dola milioni 1.26, na akakubali kutotangaza dhamana za kripto, yaani za sarafu za mtandaoni, kwa miaka mitatu.

Jambo la kuzingatia katika kesi hiyo ni kosa aliloshtakiwa. Kardashian hakuficha kwamba lile ni tangazo, aliandika. Alichokiacha ni kiasi alicholipwa. Sheria iliyomnasa ni ya mwaka 1933, iliyotungwa baada ya soko la hisa la New York kuanguka mwaka 1929, na inamtaka mtu anayelipwa kusifia dhamana aseme nani kamlipa, kwa njia gani na kiasi gani. Sheria hiyo ilikuwa na karibu miaka 90, na sarafu iliyokutana nayo ilikuwa changa kabisa. Kabla ya Kardashian, Novemba 2018, tume hiyohiyo ilikuwa imewabana bondia Floyd Mayweather na mwanamuziki DJ Khaled kwa kusifia mradi wa Centra Tech bila kutaja kwamba walilipwa, Mayweather dola 100,000 na Khaled dola 50,000. Centra ilidai kuwa na kadi ya malipo inayoungwa mkono na Visa na Mastercard. Ulikuwa uongo.

Kuna atakayesema hayo ni ya Wamarekani. Basi tumtazame Akon, ambaye muziki wake umechezwa kwenye harusi zetu na ambaye alifika mpaka hapa Afrika Mashariki. Mwaka 2018 alitangaza sarafu yake, Akoin, pamoja na mji wa kisasa nchini Senegal ambao malipo yake yote yangefanyika kwa sarafu hiyo. Mwaka 2020 ikatangazwa kwamba Akoin ingetumika katika mji wa Mwale, mradi wa hospitali na teknolojia ulioko Butere, kaunti ya Kakamega, magharibi mwa Kenya. Aprili 2021 alikuja Uganda, akakutana na Rais Museveni, na serikali ikamtengea ardhi Mukono kwa ajili ya mji mwingine. Wakazi wa eneo lile walipinga wakisema ardhi ni yao.

Mji wa Senegal haukujengwa. Julai 2025 taasisi ya serikali ya nchi hiyo inayohusika na utalii wa pwani ilisema mradi huo haupo tena. Thamani ya Akoin iliporomoka. Huko Marekani, Machi 2023, Akon alikuwa miongoni mwa watu maarufu wanane walioshtakiwa na SEC, yeye pamoja na Lindsay Lohan, Ne-Yo na wengine, kwa kusifia sarafu za Tron na BitTorrent bila kusema wamelipwa. Sarafu hizo hazikuwa zake. Sita kati yao, yeye akiwemo, walimalizana na tume kwa jumla ya zaidi ya dola 400,000 bila kukiri wala kukana kosa.

Akon aliiuza Akoin kwa lugha ya Uafrika. Alisema vijana wa bara hili wamechoka na sarafu zinazopoteza thamani, na wanahitaji fedha yao wenyewe. Malalamiko hayo ni ya kweli. Kila anayetuma fedha kutoka Kampala kwenda Dar es Salaam anajua makato yake. Ndiyo maana tangazo lilikuwa na nguvu. Lilianza na ukweli ambao msikilizaji anauishi, kisha likamuuzia juu yake kitu ambacho hakuweza kukipima. Msanii anayetaka kuwasaidia vijana wa Afrika ana wajibu mkubwa zaidi wa kuwaonyesha hesabu, kwa kuwa wanamwamini kama ndugu.

Kwa nini tunawaamini mastaa katika mambo ya fedha? Wengi husema ni ujinga au tamaa. Mimi nasema hapana. Kwa zaidi ya miaka 20 Watanzania wamezoea kumwona msanii akiwa balozi wa kampuni ya simu, wa kinywaji, wa bima, wa benki, wa sabuni. Nyuma ya kila tangazo la namna hiyo kuna ofisi iliyokagua kabla. Kampuni ya simu ina leseni ya TCRA, bima ipo chini ya TIRA, kinywaji kimepita TBS, benki ina leseni ya Benki Kuu, hata kampuni za kubeti zina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Mtazamaji huenda hazijui ofisi hizo kwa majina, lakini amejifunza kwa uzoefu, na kwa haki kabisa, kwamba kinachotangazwa na sura anayoifahamu hakitakuwa hewa. Sarafu ya mtandaoni inapomkodi staa yuleyule, inaazima imani iliyojengwa na ofisi hizo zote, na yenyewe haijapita mlango wa hata moja.

Na nchi yetu ina historia chungu ya imani iliyoazimwa. Mradi wa upatu wa DECI ulianza mwaka 2007 na kuenea kupitia mitandao ya makanisa, na lugha yake ilikuwa ya kupanda mbegu na kuvuna. Aliyemwalika muumini alikuwa mtu anayemwombea. Serikali ilipoingilia kati mwaka 2009 na kuzuia akaunti, watu walilia mitaani, wengine wakiilaumu serikali kwa kuwakatizia mavuno. Mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Baadaye ukaja mradi wa kuku, ambapo watu waliweka mamilioni wakiahidiwa faida kubwa ndani ya miezi michache, nao ukaishia mahakama hiyohiyo kwa makosa ya kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Mapema mwaka 2025 ikawa zamu ya mradi wa LBL, na watu waliahidiwa malipo kwa kazi ndogondogo za kutazama matangazo kwenye simu. Polisi walikamata watu katika mikoa kadhaa.

Uganda wana kidonda chao. Kampuni ya Dunamiscoins ilifunga ofisi zake Desemba 2019 na kuwaacha maelfu ya watu mlangoni. Kabla yake OneCoin ya Ruja Ignatova, mwanamke aliyejaza ukumbi wa Wembley mjini London Juni 2016 akishangiliwa kama mwanamuziki, ilifika hadi vijijini Uganda. Wakulima waliuza mazao na mifugo kuinunua. Ignatova alitoweka Oktoba 2017, na hadi FBI ilipomweka kwenye orodha ya watu kumi inaowasaka zaidi, mwaka 2022, haikuwa imejulikana yuko wapi. Inakadiriwa dola bilioni 4 zilikusanywa duniani kote kwa sarafu ambayo haikuwa na mfumo wa kweli nyuma yake.

Sasa tuwageukie wasimamizi wetu wa fedha, maana hapo ndipo penye kazi.

Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa taarifa kwa umma kwamba shilingi ndiyo fedha halali pekee nchini na kwamba kuuza, kunadi na kutumia sarafu za mtandaoni ni kinyume cha kanuni za fedha za kigeni. Ilikuwa kauli fupi na kali. Juni 13, 2021, Rais Samia Suluhu Hassan, akizindua jengo la tawi la Benki Kuu Mwanza, aliitaka benki hiyo ianze kujiandaa kwa ajili ya sarafu hizo, isije ikakutwa haijajipanga. Benki ikasema imeanza kuyafanyia kazi maelekezo hayo. Kisha ikaja Sheria ya Fedha ya 2024: kuanzia Julai 1 mwaka huo, mwenye jukwaa au anayewezesha uhamishaji wa mali za kidijitali anatakiwa kuzuia kodi ya asilimia 3 anapomlipa mtu.

Mwananchi anapaswa kuelewa nini? Taarifa ya 2019 inamwambia asiguse. Sheria ya 2024 inamwambia akigusa, serikali ichukue asilimia 3 yake. Siipingi kodi. Nchi ina haki ya kutoza penye mapato, na kwa kutoza imekiri kwamba biashara hii ipo na ni kubwa kiasi cha kutajwa bungeni. Ninachokipinga ni kuishia hapo. Serikali iliyochukua sehemu yake kwenye muamala imejifunga kumlinda mwenye muamala. Hadi sasa hakuna kanuni mahususi inayomwambia msanii wa Tanzania kwamba akilipwa kusifia sarafu lazima ataje mlipaji na kiasi.

Nyenzo nyingine zipo, ila zimekaa mbalimbali. Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Kanuni ya Adhabu inakataza upatu. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana inasimamia utoaji wa dhamana kwa umma tangu miaka ya 1990, na TCRA ina kanuni za maudhui ya mtandaoni. Kila ofisi ina kipande chake, na tangazo la sarafu linapita katikati. Benki Kuu yenyewe imeonyesha kwamba ikiamua inaweza kutaja majina: Novemba 2024 ilichapisha orodha ya programu 69 za mikopo ya mtandaoni zisizo na leseni na kuwataka wananchi wasizitumie. Orodha ile iliwafikia watu kuliko taarifa kumi za jumla, kwa sababu mtu aliweza kuchukua simu yake na kulinganisha. Kwa nini orodha kama hiyo isiwepo kwa sarafu zinazonadiwa kwa Watanzania kwa Kiswahili?

Wenzetu wa Kenya wametangulia hatua moja. Benki Kuu yao ilianza kwa onyo mwaka 2015. Mwaka 2023 wakaweka kodi ya asilimia 3, ambayo mwaka 2025 waliiondoa na kuweka ushuru wa asilimia 10 kwenye ada za watoa huduma. Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali pepe, inayowagawia kazi Benki Kuu na mamlaka ya masoko ya mitaji. Walifika hapo baada ya kuumia. Agosti 2023 maelfu walipanga foleni Nairobi, jumba la KICC, ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin kwa malipo ya sarafu zenye thamani ya takriban shilingi 7,000 za Kenya. Serikali ikasimamisha zoezi. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru taarifa hizo za miili ya watu zifutwe.

Nje ya eneo letu kuna mifano ya kuazima. Hispania, mwanasoka Andrés Iniesta alipolisifia soko la sarafu la Binance mtandaoni Novemba 2021, mamlaka ya masoko ya nchi hiyo ilimjibu papo hapo, hadharani, ikimkumbusha kwamba bidhaa hizo zina hatari na hazijadhibitiwa. Miezi miwili baadaye ikatoa kanuni: kampeni zinazolenga umma zitolewe taarifa kwa mamlaka siku kumi kabla, zikiwemo za washawishi wa mtandaoni wenye wafuasi zaidi ya 100,000. Singapore, Januari 2022, iliwaambia watoa huduma wasizinadi sarafu hizi kwa umma, wala wasiwatumie washawishi. Uingereza, tangu Oktoba 8, 2023, tangazo la kripto lazima liwe na onyo la wazi, mteja mpya apewe saa 24 za kutafakari kabla ya kukamilisha, na zawadi za kumleta rafiki zimepigwa marufuku. Hilo la mwisho lingewafaa sana Watanzania, kwa kuwa upatu wote tulioupitia umeishi kwa kumleta rafiki.

Marekani yenyewe haifai tena kutegemewa kama mlinzi wetu. Januari 2025 Donald Trump alizindua sarafu yenye jina lake siku chache kabla ya kuapishwa, na Februari watumishi wa SEC wakatoa maoni kwamba sarafu za aina hiyo, zinazouzwa kwa umaarufu na mzaha, si dhamana. Maana yake, sheria ile ya 1933 iliyomnasa Kardashian haizigusi. Na waliopoteza fedha zao kwenye soko la FTX, lililoanguka Novemba 2022 na mwanzilishi wake Sam Bankman-Fried kuhukumiwa miaka 25 jela, walijaribu kuwashtaki wachezaji na waigizaji waliolitangaza. Mei 2025 jaji wa Miami aliyatupa mengi ya madai hayo kwa kukosekana ushahidi kwamba mastaa hao walijua kuhusu ulaghai.

Nafikiri jaji huyo ametuonyesha njia bila kukusudia. Kumtaka mwathirika athibitishe kilichokuwa moyoni mwa staa ni kumpa mzigo asioweza kuubeba. Kanuni nzuri haiulizi staa alijua nini. Inamtaka aseme mambo machache kabla ya kufungua mdomo: amelipwa na nani, kiasi gani, kwa fedha au kwa sarafu, na kama kwa sarafu, atazishika kwa muda gani kabla ya kuuza. Asiposema, amekosa, na hakuna haja ya kupekua nafsi yake.

Kanuni ya namna hii si jambo geni kwa watu wa Digodigo. Wabatemi wamelima kwa umwagiliaji katika nchi kavu kwa karne nyingi, wakigawana maji ya chemchemi kwa mifereji hadi kwenye mashamba ya mtama na viazi vitamu. Ugawaji huo umesimamiwa na baraza la wazee waitwao wenamiji. Kila mwenye zamu anajulikana, kila mfereji unajulikana unafunguliwa na nani na saa ngapi. Anayekwepa kazi ya kukarabati mifereji au kuchota zamu isiyo yake hutozwa faini, kwa desturi mbuzi. Mfumo huo nao una lawama zake. Watafiti wameandika jinsi koo chache zilivyoshika haki za kwanza na wengine kulazimika kuomba au kulipa ili wapate maji. Ila hakuna anayeweza kufungua maji ya wengine kisha akasema hakuhusika. Msimamizi yupo palepale penye mfereji, na adhabu inafika kabla shamba la jirani halijakauka.

Ukilinganisha na fedha za mtandaoni, mtu wa Digodigo akilizwa leo, mlango wa Benki Kuu ulio karibu naye ni tawi la Arusha. Safari hiyo ya siku nzima itamgharimu nauli na malazi, pengine zaidi ya alichopoteza. Lami ya Wasso hadi Sale imepunguza vumbi, haijapunguza umbali. Kwa hiyo ulinzi wa kweli kwake ni ule unaofanyika kabla, kwenye tangazo lenyewe, kwa anayelipwa kulitoa. Yeye staa hana haja ya kusafiri. Anakaa mjini, ana meneja, ana akaunti iliyothibitishwa, ana mkataba wenye tarehe na saini. Kati ya wote waliomo kwenye mnyororo huu, kuanzia waundaji waliojificha ng'ambo hadi muuzaji wa Telegram mwenye jina la kubuni, yeye peke yake anapatikana kwa barua.

Wapo wasanii watakaoona tunawaonea. Nawaelewa, kazi yao ina misimu, na mkataba wa ubalozi mara nyingi unalipa kuliko jukwaa. Lakini kanuni ya namna hii inawalinda hata wao. Siku hizi matapeli wanatengeneza video bandia zenye sura na sauti za watu maarufu ambao hawakusema lolote. Pakiwepo rejista ya matangazo yaliyoidhinishwa, inayosomeka kwenye simu ya kawaida kwa Kiswahili, msanii ambaye jina lake limeibwa atakuwa na mahali pa kuonyesha kwamba tangazo lile halimo. Leo hana isipokuwa kuandika kanusho na kuomba aaminiwe.

Kila Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha hupelekwa bungeni Dodoma, na kamati inayoshughulika na bajeti hupokea maoni ya wadau kabla haujapitishwa. Ndiyo njia iliyotumika kuingiza ile kodi ya asilimia 3. Muswada unaofuata unaweza kubeba kifungu kimoja zaidi: anayelipwa kutangaza mali ya kidijitali kwa umma wa Tanzania atoe taarifa kwa Benki Kuu siku kumi kabla, ataje kwenye tangazo mlipaji na kiasi, na asipofanya hivyo arejeshe malipo yote pamoja na faini, fedha hizo ziende kwenye mfuko wa kuwafidia waliolizwa. Wabunge wa Ngorongoro na Karatu wana wapigakura wenye sababu ya kuwaomba wakisimamie, na maoni ya maandishi yanapokelewa kutoka kijiji chochote.